Namna ya kuchagua nibu ya kalamu ya wino kwa mwandiko wenye mistari minene na myembamba

Mwezi uliopita alinijia mwalimu kijana wa shule moja ya msingi hapa Kampala. Alikuwa na vyeti vya wanafunzi wa darasa la saba, vilivyochapwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji, na kuachwa nafasi tupu ya jina, pamoja na kalamu ya wino aliyoinunua kwa akiba ya miezi kadhaa. Aliichagua kwa kuwa nibu yake, yaani ile ncha inayoandika, ni ya dhahabu ya karati 14, akiamini kwamba dhahabu ndiyo inayoufanya mstari unenepe na kukonda. Tulipoijaribu, kila mstari ulitoka na unene uleule, uwe wa kushuka au wa kwenda kando. "Mzee, nimekosea wapi?" aliniuliza. Hatua zifuatazo ndizo nilizompitisha siku ile.

Hatua ya kwanza: amua unene wa mstari utoke wapi. Mstari hubadilika unene kwa njia mbili: kwa mwelekeo wa nibu au kwa mkandamizo wa mkono. Nibu ya kawaida ina kidonge cha madini magumu cha mviringo kwenye ncha, na kitu cha mviringo huacha alama ileile kokote kinakoelekea. Nibu bapa imechongwa kama patasi, kwa hiyo ukiivuta kwenda chini huacha upana wake wote, na ukiipeleka kando huacha uzi mwembamba, bila mkono wako kuongeza nguvu yoyote. Nibu nyumbufu ina ncha kali na meno mawili yanayoachana unapokandamiza, kisha hurudiana unapolegeza. Kinachoipa unyumbufu ni urefu wa meno, wembamba wa bati na umbo la mabega yake; nibu nyingi za dhahabu zinazotengenezwa siku hizi ni ngumu sawa na za chuma.

Kwa yeyote anayeandika majina mengi kwa kikao kimoja, kama vile vyeti au kadi za kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa), ninashauri nibu bapa bila kusita, kwa sababu jina la mwisho litafanana na la kwanza hata mkono ukichoka. Nibu nyumbufu ichukue tu ikiwa moyo wako uko kwenye mwandiko wa Copperplate, ule unaolala kwa nyuzi 55 hivi, ambao uzuri wake wote hutokana na mkandamizo.

Hatua ya pili: pima nafasi, kisha chagua upana. Katika mwandiko wa italiki, herufi ndogo kama *n* huwa na kimo cha takriban mara tano ya upana wa nibu. Nibu ya milimita 1.1 itakupa herufi ya milimita 5.5, na ya milimita 1.5 itakupa milimita 7.5. Kampuni ya Lamy hutengeneza nibu za milimita 1.1, 1.5 na 1.9 zinazobadilishana kwenye kalamu moja, na kalamu za Pilot Parallel huanzia milimita 1.5 hadi 6.0. Ukiweza kuchagua, anza na nibu bapa yenye kona zilizolainishwa, kwa maana yenye kona kali hukwaruza karatasi mara tu mkono unapopinda.

Hatua ya tatu, kwa waliochagua nibu nyumbufu: hakikisha wino unafika. Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima. Nilikuwa nimechomeka nibu ya G, ile ya kuchovya inayotumiwa na wachoraji wa katuni wa Japani, kwenye kalamu ya kujaza wino. Kila nilipokandamiza, mstari ulianza vizuri, kisha katikati ya herufi ukapasuka na kuwa mistari miwili myembamba inayokwenda sambamba kama reli, katikati kweupe. Nilibadilisha nibu mara tatu na wino mara mbili, na alfajiri ndipo nilipogundua kwamba nibu hazikuwa na kosa.

Kosa la kwanza lilikuwa mafuta. Nibu mpya ya kuchovya hupakwa mafuta au vanishi ili isishike kutu, na wino huyakimbia kama maji yanavyokimbia jani la yugwa. Isugue kwa mswaki laini na sabuni ya vyombo, pande zote mbili, mpaka maji yatandae juu yake bila kujikusanya kuwa matone.

Kosa la pili lilikuwa pengo. Chini ya nibu kuna kipande cheusi kinachopitisha wino, nacho lazima kigusane nayo. Inua kalamu ubavu kuelekea dirishani; ukiona mwanga kati ya vitu hivyo viwili, wino utakatika. Vitoe vyote, uvirudishe pamoja, na usogeze kipande hicho kidogo kidogo huku ukijaribu. Kikisogea mbele mno hubana meno yasiachane, na kikibaki nyuma mno wino haufiki nchani. Kama ni cha eboniti, yaani mpira mgumu, kitie kwenye maji ya moto kwa muda mfupi kisha ukibane kwa kidole gumba dhidi ya nibu mpaka kipoe. Cha plastiki hakikubali sana matibabu hayo. Wako wanaochimba mfereji wake kwa wembe ili wino uongezeke. Hufanya kazi, lakini pitisha wembe mara moja tu kisha ujaribu, kwa kuwa plastiki iliyokatwa hairudi, na mfereji mpana mno huifanya kalamu idondoshe wino juu ya cheti.

Hata baada ya hayo, andika polepole, na ukandamize unaposhuka tu. Ukikandamiza unapopanda, ncha itachoma karatasi. Baada ya kila kazi, itazame nibu kwa kioo cha kukuzia: ikiwa meno yamebaki wazi huku huikandamizi, umeyavuka mipaka, na nibu hiyo haitarejea ilivyokuwa. Ya chuma cha kawaida itashika kutu vilevile, kwa hiyo weka ya akiba.

Hatua ya nne: wino na karatasi. Tumia wino wa kalamu hizi pekee. Wino mweusi wa kuchorea wenye laki (aina ya vanishi) hugandia ndani. Jaribu kwenye cheti kilichoharibika, kamwe si kwenye karatasi nyingine, maana wino uliotulia kwenye daftari unaweza kusambaa kwenye kadi.

Mwalimu yule alichagua nibu bapa ya milimita 1.5. Jina la kwanza aliloliandika lilianza na *N* yenye mistari minene na myembamba, naye akaliangalia kwa muda mrefu kabla ya kuchukua cheti cha pili.