Jinsi ya kuchora mpangilio wa vikosi vilivyovuka mpaka wa Taveta, Machi 1916

Nimeongoza wageni kwenye vilima vya Salaita, Latema na Reata, karibu na Taveta, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa zaidi ya yote ni hili: babu yetu alikuwa kikosi gani, na kikosi hicho kilisimama wapi? Jiwe la kaburi hukupa namba na jina la kikosi, basi. Ili ujue kilisimama wapi, kiliamriwa na nani na nani alikibebea chakula, unahitaji mchoro wa vikosi, na mchoro huo unaweza kuuchora mwenyewe mezani kwa siku moja. Andaa karatasi mbili za manila, penseli, kifutio, kalamu nyekundu na ramani ya eneo la kutoka Voi hadi Moshi.

Hatua ya 1: Funga tarehe

Juu ya karatasi ya kwanza andika 5 Machi 1916. Usiruke hatua hii. Michoro mingi ninayoletewa imeharibika hapa, maana mtu huchanganya vikosi vya Februari na vya Juni akadhani vyote ni jeshi moja lililotulia. Jeshi hili lilibadilika karibu kila mwezi.

Mjerumani alikuwa ameshika Taveta tangu Agosti 1914. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walishambulia Salaita wakarudishwa nyuma. Wiki moja baadaye Jenerali Jan Smuts akashuka Mombasa kuchukua uongozi, na tarehe 5 Machi safu ya kwanza ikaanza kusonga mbele ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mchoro wako ni picha ya siku hiyo.

Hatua ya 2: Panga ngazi

Kutoka chini kwenda juu: kombania, batalioni, brigedi, divisheni. Kwa kawaida batalioni tatu au nne hufanya brigedi moja, na brigedi kadhaa pamoja na mizinga hufanya divisheni. Usitumie ukubwa wa divisheni za Ulaya kukisia hesabu ya huku. Divisheni ya Stewart ilikuwa na watu kama 4,000 tu.

Hatua ya 3: Chora safu tatu na akiba

Smuts alitaka kuuzunguka Mlima Kilimanjaro pande mbili, ili Mjerumani wa Moshi abanwe katikati. Kwa hiyo anza na masanduku haya.

Kushoto, Divisheni ya 1 ya Jenerali Stewart, inayotoka Longido na kushuka magharibi ya mlima. Chini yake weka Brigedi ya 2 ya Afrika Mashariki ya Sheppard, yenye 25th Royal Fusiliers, 29th Punjabis na 129th Baluchis.

Kulia, Divisheni ya 2 ya Jenerali Tighe, inayotazama Salaita kutoka kambi za Mbuyuni na Serengeti. (Serengeti hii ni nyika ya huku kwetu Taita-Taveta, si ile hifadhi ya Tanzania.) Chini yake weka Brigedi ya 1 ya Afrika Mashariki ya Malleson: 2nd Loyal North Lancashire, 2nd Rhodesia Regiment, 130th Baluchis na batalioni ya 3 ya Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika).

Katikati, safu ya van Deventer: Brigedi ya 1 ya wapanda farasi wa Afrika Kusini na Brigedi ya 3 ya askari wa miguu wa Afrika Kusini. Hawa waliondoka usiku wa tarehe 7 kuelekea mto Lumi na Ziwa Chala, wapite kaskazini ya Salaita na kutokea nyuma yake.

Sanduku la nne liwe dogo, na ulichore chini ya jina la Smuts mwenyewe: Brigedi ya 2 ya Afrika Kusini ya Beves, iliyowekwa akiba, zikiwemo batalioni za 5 na za 7 za Afrika Kusini. Wengi huiweka chini ya Tighe kwa sababu ilipigana Salaita mwezi Februari pamoja na watu wa Malleson. Tarehe 5 Machi haikuwa yake.

Hatua ya 4: Andika jina zima, namba peke yake ni mtego

Tazama namba 2 inavyojirudia kwenye karatasi yako. Una Divisheni ya 2, Brigedi ya 2 ya Afrika Mashariki, Brigedi ya 2 ya Afrika Kusini, 2nd Rhodesia na 2nd Loyal North Lancashire. Tena Brigedi ya 1 ya Afrika Mashariki iko ndani ya Divisheni ya 2, na Brigedi ya 2 ya Afrika Mashariki iko ndani ya Divisheni ya 1. Ukiandika "ya 2" ukaacha hapo, kesho hutajua ulimaanisha nini.

Kosa langu mimi lilikuwa kwenye Wabaluchi. Niliwahi kuipeleka familia moja Latema, wakaweka maua chini ya kilima, nami nikawaeleza vita vyote vilivyopiganwa pale. Usiku niliporudi kwenye daftari nikaona askari wao alikuwa wa 129th, yaani upande wa Longido, kilomita nyingi nyuma ya Kilimanjaro. Waliopigana Latema ni 130th. Kesho yake niliwafuata hotelini kuwaambia. Tangu siku hiyo naandika namba na jina pamoja, kisha namwomba mtu wa pili asome.

Hatua ya 5: Mjerumani mchoree kwa kombania

Usimtafutie brigedi, utapoteza muda. Kabla ya vita jeshi lake la koloni lilikuwa na kombania 14 za mstari wa mbele. Kila moja ilikuwa na askari Waafrika, mara nyingi kati ya 160 na 200, maofisa Wajerumani wachache, bombomu (bunduki za rashasha) zake na wapagazi wake wenyewe. Kombania iliweza kutembea na kupigana peke yake. Zilipohitajika pamoja, kadhaa ziliunganishwa chini ya ofisa mmoja kwa kazi ile, kisha zikaachana. Kwa hiyo chora kombania kama masanduku yasiyofungwa, na juu yake andika aliyeziunganisha siku hiyo: kwa Latema na Reata ni Meja Kraut, na juu yake Lettow-Vorbeck, kamanda mkuu wa Wajerumani.

Kwenye kumbukumbu za upande huu utakutana na ombasha, shaushi na sol. Ni vyeo vya askari Waafrika, vilivyoletwa na askari wa Kisudani walioajiriwa mwanzoni mwa jeshi hilo. Usivigeuze majina ya watu. Nimeona ikitokea.

Hatua ya 6: Jaribu mchoro wako kwa siku moja ya vita

Chukua tarehe 11 Machi. Salaita ilikutwa tupu tarehe 9, maana van Deventer alikuwa ameshapita ubavuni, na Taveta ikaingiwa tarehe 10. Mjerumani akashika njia kati ya vilima vya Latema na Reata. Sasa weka kidole kwenye mchoro, ufuate maagizo yalivyoshuka.

Brigedi ya Malleson inatangulia: 130th Baluchis na batalioni ya 3 ya Keya. Malleson anaugua, Tighe anachukua uongozi mwenyewe. Watu wa Rhodesia wanaongezwa mchana. Luteni Kanali Graham, kamanda wa batalioni ya 3 ya Keya, anauawa. Usiku zinaletwa batalioni za 5 na za 7 za Afrika Kusini, kupanda na singe gizani. Zimetoka wapi? Kama ulichora vizuri utaziona kwenye sanduku la akiba, si kwa Tighe. Kabla ya kucha Smuts anaamuru watu warudi nyuma, kisha inagunduliwa kwamba vikundi vidogo vya Warhodesia na Waafrika Kusini bado viko juu ya vilima, na Kraut ndiye anayeondoka.

Batalioni ikikosa mahali pa kutokea kwenye mchoro wako, rudi hatua ya 3. Shajara za vita za vikosi hivi ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, kwenye fungu liitwalo WO 95. Kwa waliokufa, tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola inaonyesha kikosi na tarehe.

Hatua ya 7: Wachore waliobeba

Hapa ndipo michoro iliyochapwa vitabuni hukatika, na hapa ndipo babu wa wengi wetu alipo.

Chini ya kila safu chora sanduku pana na uandike "wapagazi". Mwingereza aliwapanga makundi ya mia mia chini ya wanyapara, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililotuachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Reli ilivutwa kutoka Voi kupitia Maktau hadi Mbuyuni. Mbele ya reli, pale gari lisipofika, mzigo ulikwenda kichwani.

Sanduku hilo liwe kubwa kiasi gani? Piga hesabu. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga na kula kilo moja kwa siku. Njia ikiwa ya siku kumi, kwenda na kurudi atakula kilo 20, na atakachofikisha ni kilo tano. Askari 1,000 wakila kilo moja kila mmoja, wapagazi 200 lazima wafike kila siku, na wakati wowote watu 4,000 wako njiani kwa ajili ya askari 1,000. Bado hujabeba risasi wala majeruhi.

Majina yao hutayapata kwenye makaburi ya Taveta kama unavyoyapata ya askari Wazungu. Mwaka 2021 tume yenyewe ya makaburi ilikiri kwamba wapagazi na askari Waafrika wengi hawakuandikwa majina. Kwa hiyo waulize wazee nyumbani: alichukuliwa kutoka kijiji gani, mnyapara wake aliitwa nani, alirudi na nini. Andika kwa penseli ndani ya sanduku, hata kama ni jina moja.

Hatua ya 8: Karatasi ya pili

Andika mwisho wa Machi 1916. Stewart, Tighe na Malleson wameondoka, na jeshi sasa lina divisheni tatu: ya 1 ya Hoskins yenye brigedi zote mbili za Afrika Mashariki, ya 2 ya van Deventer, na ya 3 ya Brits. Kwa kalamu nyekundu piga mstari kutoka kila brigedi ya karatasi ya kwanza hadi ilikohamia.

Kisha rudia hatua ya 7, na kwa van Deventer uongeze ukubwa wa sanduku la wapagazi. Mwezi Aprili alikwenda hadi Kondoa, zaidi ya kilomita 200 kutoka Arusha, farasi wakafa njiani, na masika yalipokata barabara nyuma yake, unga ulifika kwa miguu.