Kabla hujapeleka utafiti na tungo zako chuo kikuu

Mihadhara ya muziki na warsha za utunzi zikikaribia hapa Lubumbashi, wengi hujiandaa usiku wa mwisho. Usiwe mmoja wao.

Chapisha kila kitu kwenye karatasi, maana umeme ukikatika projekta nayo imekwisha. Rekodi utakazosikilizisha ziweke kwenye simu na kwenye flashi, na spika yako iwe na chaji. Soma hotuba yako kwa sauti ukiwa na saa mkononi: ukipewa dakika 20, andaa 15, kwa sababu rekodi hula muda. Jiandae kujibu maswali kwa Kifaransa.

Ukitafuta rekodi za zamani, tafuta kwa majina ya zamani. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Ukiandika Likasi peke yake unaweza kurudi mikono mitupu ukidhani hakuna kitu. Na mji wetu huu uliitwa Elisabethville hadi 1966.

Mtunzi, kila mpigaji apate karatasi yake, yenye namba mwanzoni mwa kila mstari. Noti za klarineti ya si bemoli (B♭) ziandike toni moja juu ya sauti unayoitaka. Waimbaji wanaosoma solfa (do, re, mi) waandikie solfa.

Sasa vyombo vya kwetu. Hapa nakuomba utulie usome.

Niliwahi kutunga kipande cha kisanji (kile chombo cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), klarineti na sauti mbili. Nilikitunga nyumbani, kwa kinanda, miezi mitatu. Nilijua kisanji cha mzee mmoja wa mtaa wa Katuba kina vyuma kumi, nikamwandikia noti kumi, basi. Siku ya mazoezi tulikuwa na saa mbili tu. Alipogusa chuma cha tatu nikajua nimeharibu: sauti ilikaa katikati ya mi na mi bemoli. Mpiga klarineti akavuta chombo chake kidogo ili sauti ishuke. Noti moja ikakubaliana, nyingine zikazidi kuachana. Nikamwomba mzee asogeze vyuma. Kwa heshima tu, akakubali. Akasukuma kimoja ndani kwa kidole gumba, kikapanda; akavuta cha pili, kikashuka. Kisha akajaribu wimbo wa baba yake, polepole, akaishia katikati. Akakiweka kisanji mapajani. “Mwana, hii haiko piano,” akaniambia. “Wimbo yangu itapita wapi?”

Sikuwa na jibu. Akavirudisha vile vyuma kimoja kimoja, akisikiliza kila mara, na vile vipete vya bati vikilia juu yake. Ilichukua karibu nusu saa ya mazoezi yetu, na ilikuwa haki yake. Jioni kipande kilipigwa bila kisanji.

Kwa hiyo nenda kwa mpigaji kabla hujaandika noti hata moja. Nenda zaidi ya mara moja. Rekodi kila chuma peke yake, kipime kwa programu ya simu, uandike kimezidi au kimepungua senti ngapi, yaani vipimo vidogo vya sauti. Nusu toni ya kinanda ni senti 100, na hamsini zinatosha kuharibu kila kitu. Halafu klarineti ndiyo ikifuate kisanji: mpigaji wake anaweza kukunja sauti kwa midomo na kwa vidole, chuma hakiwezi. Mwulize mzee nyimbo gani anakubali zisikike ukumbini na zipi zibaki nyumbani. Malipo na nauli patana naye mapema, umpe mkononi, usimwambie asubiri ofisi ya chuo.

Mengine ni ya kawaida. Fika mapema. Beba maji, beba nyuzi za akiba za gitaa, na miezi ya mvua funga karatasi na vyombo kwenye plastiki. Mzee akija na chombo chake, usimwachie mtu mwingine kukibeba, wala kisiachwe ukumbini wakati wa chakula, hata kama mlango una ufunguo.