Ua la dirishani la Kichina kwa karatasi nyekundu

Karatasi nene ya manila iache dukani; ikikunjwa tabaka 8 mkasi unateleza. Ukiwa Moshi, ulizia karatasi nyembamba nyekundu ya kufungia zawadi. Krepe, karatasi ile yenye mikunyanzi, nayo huchuja rangi ikilowa gundi.

Kata mraba wa sentimita 15, ukunje kona kwa kona mara tatu, kisha piga pini ya stepla sehemu itakayotupwa ili tabaka zisihame. Chora. Anza na matundu ya ndani. Ukitangulia ukingo wa nje, unakosa pa kushika. Zungusha karatasi, mkono wa mkasi utulie. Upande wa mkunjo usiukate wote: acha milimita 3 hivi kati ya matundu, la sivyo ua litaachana vipande. Mikato myembamba kama meno, ambayo ndiyo utamu wa sanaa hii, hukatwa kwa ncha ya mkasi tu. Kunjua, bandika kwenye kioo cha dirisha kwa uji mzito wa ngano, matone machache.