Joto la Kukoma Hedhi na Afya ya Moyo: Jinsi ya Kufuatilia Yote Mawili

Mwanamke anayeamka saa tisa usiku akiwa amelowa jasho na moyo ukimdunda mara nyingi huambiwa kwamba ni umri tu, avumilie, yatapita. Joto hilo la ghafla la kukoma hedhi kwa wengi hupungua kweli, lakini mabadiliko mengine ya kipindi hicho hubaki mwilini: homoni ya estrojeni inaposhuka, lehemu mbaya (kolesteroli inayoziba mishipa ya damu) huelekea kupanda, mafuta hujikusanya tumboni na mishipa ya damu huwa migumu zaidi. Kwa hiyo miaka ya kukoma hedhi, ambayo kwa wengi huangukia kati ya umri wa miaka 45 na 55, ndiyo miaka ya kuuchunguza moyo hata kama haujawahi kukusumbua.

Anza na daftari. Neno "joto" peke yake halitoshi, andika lilikuja saa ngapi, lilidumu kwa muda gani na moyo ulikwendaje, kwa mfano: "Saa tisa usiku, dakika tatu, nguo zimelowa, moyo ulienda mbio, usingizi ulirudi saa kumi na nusu." Tafiti zimeonyesha kwamba wanawake wanaopatwa na joto hili mara kwa mara, au kwa miaka mingi, huelekea kuwa na hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo. Hilo halithibitishi kwamba joto ndilo linaloyaleta, ila ni sababu tosha ya kupimwa mapema.

Kisha pima presha nyumbani, na uipime vizuri, kwa maana kipimo cha haraka hupotosha. Nenda haja ndogo kwanza, usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, kisha keti kimya kwa dakika tano, mgongo ukiwa umeegemea, nyayo zikiwa sakafuni na miguu isipishane. Funga mkanda wa mashine juu ya ngozi tupu, laza mkono mezani usawa wa moyo, usizungumze, na upime mara mbili kwa kuachanisha dakika moja. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku saba. Wastani ukifika 135/85 au kuzidi, mwone daktari.

Huko omba upimwe lehemu na sukari pia. Mweleze, hata asipouliza, kama uliwahi kupata kifafa cha mimba, presha au kisukari wakati wa ujauzito, au kama hedhi ilikoma kabla ya miaka 40, kwa kuwa yote hayo huongeza hatari. Mambo haya husahaulika mno. Kuhusu tiba ya homoni, hiyo hutuliza joto vizuri, na kwa kawaida hufikiriwa kwa aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, lakini haitolewi kwa lengo la kukinga moyo, na aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, kiharusi, damu kuganda au saratani ya matiti kwa kawaida hutafutiwa njia nyingine.

Acha sigara, punguza chumvi, na tembea kwa kasi angalau dakika 150 kwa wiki.

Joto la kukoma hedhi huja na kupita. Maumivu au mbano wa kifua, pumzi kukatika, au maumivu ya taya, mgongo au mkono yanayoambatana na kichefuchefu na jasho baridi ni jambo jingine kabisa: usiyaandike daftarini, omba msaada wa dharura papo hapo.