Vipindi vya fasihi ya Marekani: shika vita

Ukisomea mtihani wa fasihi ya Marekani, acha kukariri orodha ndefu ya vipindi, shika vita. Kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe (1861–1865) ni ulimbwende (Romanticism, uandishi unaotanguliza hisia na ubunifu): waandishi Poe, Hawthorne, Melville. Baada yake uhalisia (maisha ya kawaida jinsi yalivyo), mwandishi Twain akiwapa wahusika lafudhi za watu wa kando ya mto Mississippi. Baada ya 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoisha, usasa (Modernism, kuvunja mitindo ya zamani), mwandishi Hemingway na sentensi zake fupi, kavu. Baada ya 1945, mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia, usasaleo (Postmodernism, kutilia shaka hata kanuni za usasa). Njia hii inashika kwa sababu kila vita viliwatoa watu imani ya zamani, na uandishi ukabadilika. Itakuangusha kwa mshairi Emily Dickinson: aliandika mashairi mengi Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vikiendelea, lakini kitabu chake cha kwanza kilitoka 1890, naye alifariki 1886. Mshairi Whitman mwandike pande zote mbili, kabla na baada ya vita hivyo.