Ampu ya valvu ya bei poa ikizingua: anza na umeme, valvu ziwe za mwisho

Wakuu habari. Naandika hii kitu kwa sababu nimechoka kurudia maneno yaleyale kwenye meza yangu. Watu wanaagiza ampu za valvu (zile chupa za kioo zinazokuza sauti) kutoka China mtandaoni, zile ndogo za bei ya kawaida, zinapiga vizuri miezi sita au mwaka alafu zinaanza vituko, na karibu kila mteja anayekuja kwangu ameshika ampu mkono huu na mkono huu ameshika kaboksi ka valvu mpya ameshanunua, kaambiwa na mtu kwamba valvu ndo zinakufa. Kweli zinakufa. Ila mara nyingi zimeuliwa, na aliyeziua bado yumo ndani ya boksi anasubiri hizo mpya.

Nitatumia ampu moja niliyoletewa na kijana mmoja hapa Dar. Ina 6P14 mbili za kusukuma spika (Wazungu wanaiita EL84, ni valvu ileile) na 6N2 moja ya mbele, inayopokea sauti kwanza. Malalamiko yake: upande wa kulia unakwaruza alafu sauti inapotea baada ya kama dakika ishirini, na akigusa chuma cha ampu anasikia kama anatekenywa. Alikuwa ameshabadilisha 6P14 mara mbili ndani ya mwaka mmoja.

Kabla ya yote, angalia kama ulichonacho ni ampu ya valvu kweli. Ya stereo inatakiwa iwe na transfoma tatu, moja ya umeme na mbili za kutolea sauti kwenda spika, kwa hiyo ni nzito, ukiinyanyua unaguna. Kama ni nyepesi kama kitabu na ina adapta ya pembeni, hiyo nguvu inatoka kwenye IC, yani chipu, na valvu ziko mbele tu zinapitisha sauti, na ule mwanga mzuri wa machungwa ni LED imewekwa chini ya soketi. Sisemi ni mbaya, zipo zinazopiga vizuri tu, ila mwongozo huu sio wake.

Hatua ya 1: usife

Hapa hamna utani. Ndani ya hizi ampu kuna volti 300 hadi 450 za DC, na kapasita, vile vifaa vya kutunza chaji, zinaweza kubaki na chaji muda mrefu hata ukichomoa plagi, hasa kama mtengenezaji amebania ile resista ya kunyonya chaji. Mi nina resista ya 10k (omu elfu kumi) ya wati 5 nimeifunga waya na klipu mbili: moja nabana kwenye chasisi, yani bodi ya chuma ya ampu, nyingine nagusa chanya ya kila kapasita kubwa, nahesabu mpaka kumi na tano, alafu nahakikisha kwa mita. Usiguse kwa bisibisi ili ipige cheche, unaharibu kapasita na unajitia kiwewe bure. Ukipima ikiwa inawaka, mkono mmoja uwe mfukoni na miguuni uwe na viatu. Kama hujawahi kabisa kupima umeme mkubwa, kaa na fundi kwanza, soma hii kama hadithi.

Jambo la pili la kukariri: usiwashe ampu ya valvu bila spika. Transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo inatengeneza volti kubwa mno, inapiga cheche ndani kwa ndani na ndo imekwenda. Mezani natumia resista za 8 omu wati 20 badala ya spika, kila upande moja.

Hatua ya 2: fungua kava ya chini, uangalie tu

Bado hujachomeka. Anza na waya wa ethi, ule wa kijani na njano. Weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye pini ya ethi ya plagi, nyingine kwenye skrubu ya chasisi. Inatakiwa isome chini ya omu 1. Ya yule kijana haikusoma kitu. Kufungua nakuta kiwandani wamebana ile ringi ya ethi juu ya rangi, yani rangi nene kabisa, chuma hakijaguswa hata kidogo. Kumbe ndo ile tekenya. Siku transfoma ikivujisha umeme kwenye chasisi, tekenya inageuka msiba. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, weka washa (ringi ya chuma) yenye meno, kaza nati. Dakika tano tu. Na kama ilikuja na plagi ya pini mbili ukaichomekea kwenye adapta, kata, funga plagi ya pini tatu ya kwetu yenye fyuzi ya 3A.

Fyuzi ya nyuma nayo itoe uisome. Nimeshakuta 10A kwenye ampu ambayo 2A inaitosha, na nimeshakuta iliyozungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ampu ya ukubwa huu weka ya herufi T, yani ile inayovumilia ule mshtuko wa kuwasha, 1.6A au 2A.

Alafu tazama vilivyoungua: resista zilizogeuka rangi ya chai, kapasita zilizovimba kichwa, bodi iliyobabuka. Valvu zenyewe zina doa linalong'aa kama kioo ndani juu ya chupa. Doa likiwa jeupe kama maziwa ujue hewa imeingia, hiyo tupa bila kuuliza. Likiwa bado linang'aa, valvu inaweza kuwa nzima.

Hatua ya 3: washa kwa serisi, bila valvu

Taa ya serisi mafundi wote mnaijua: globu ya waya ya wati 60 au 100 imefungwa kwenye laini kabla ya ampu. Iwe globu ya zamani ya waya, LED haifanyi hii kazi. Chomoa valvu zote, washa. Globu ikimulika kidogo alafu ikafifia, safi. Ikibaki inawaka kwa nguvu kuna shoti, kwenye daiodi, kapasita kubwa au transfoma, tafuta hapohapo usiendelee. Angalia pia transfoma imeandikwa volti ngapi, maana wapo wanaotumiwa ya 110V ya soko la Marekani, hiyo kwetu haimalizi dakika.

Ikiwa shwari toa serisi, chomeka moja kwa moja, maana ukiwa na serisi volti zote zinasoma uongo.

Hatua ya 4: pima umeme unaoingia, muuaji yuko hapa

Hii ndo hatua watu wanairuka. Ampu nyingi transfoma yake imesukwa kwa 220V ya China. Sisi huku ni 230, Kenya 240, na usiku mtaani kwangu nimepima 243. Unaona kama ni tofauti ndogo, ila transfoma inazidisha kila kitu kwa kiwango hichohicho. Ya yule kijana ilikuwa hivi kwenye 243: filamenti, yani kawaya kanakochemsha valvu, inayotakiwa 6.3V inasoma 7.0 (pima valvu zikiwa ndani), na volti kubwa, ile DC ya hatua ya 1, bila valvu ilikuwa 388 wakati kapasita zimeandikwa 400V. Yani kila akiwasha, kabla valvu hazijapata moto na kuanza kuvuta, kapasita zinasimama ukingoni. Filamenti inavumilia asilimia 10 juu au chini, mwisho kama 6.9. Hii ilishapita.

Dawa yake ni rahisi. Nunua transfoma ndogo ya 12-0-12 ya ampia 1. Upande wa 230 unaufunga kwenye laini kama kawaida. Upande wa pili unachukua ncha mbili za pembeni, hizo ni 24V, unazipitisha kwa mfululizo kwenye laini inayoenda kwenye ampu. Ukipatia mwelekeo zinapunguza, ukikosea zinaongeza! Kwa hiyo pima kabla hujachomeka ampu: kwangu ilisoma 218, ingekuwa 268 ningegeuza zile ncha mbili. Kumbuka kwamba hata upande wa 24 sasa umeungana na umeme wa ukutani, kwa hiyo yote iingie kwenye boksi lililofungwa, na fyuzi yake, usiiache inaning'inia nyuma ya kabati watoto waishike.

Baada ya hapo filamenti 6.3 kamili na volti kubwa bila valvu 348. Sijabadilisha hata kifaa kimoja ndani ya ampu bado.

Hatua ya 5: pima kila valvu inakula wati ngapi

Zima, nyonya chaji, rudisha valvu na mizigo ya spika, washa alafu zima taa ya chumba uangalie. Filamenti kuwaka machungwa ni sawa. Lile bati la kijivu, yani anodi, likianza kuwa jekundu, zima haraka, valvu inapikwa.

Kwenye 6P14 pini ya 3 ni kathodi (inayotoa elektroni) na ya 7 ni anodi (inayozipokea). Pima volti ya kathodi kwenda chasisi, gawanya kwa resista ya kathodi, unapata ampia. Kabla ya kupunguza umeme nilipata 11V juu ya resista ya omu 220, hiyo ni 50mA, na anodi 305V. 305 toa 11 ni 294, mara 0.05 ni wati 14.7. Hata ukitoa kidogo kinachopita kwenye skrini, yani gridi ya pili ndani ya valvu, bado unazidi 13, na hii valvu mwisho wake ni wati 12. Sasa valvu mpya ingedumu vipi? Baada ya 218V ikashuka karibu na 12, nikabadilisha resista za kathodi nikaweka 270 za wati 2, ikatulia 10.8V, 40mA, wati kama 10.5 jumla. Sauti haijapungua ambacho sikio linasikia. Kapasita iliyolala sambamba na hiyo resista ibadilishe palepale, weka ya 50V, ile ya 25V huwa inapasuka siku valvu ikipiga shoti.

Kama upande mmoja tu unakuwa mwekundu, shuku kapasita ya kupitisha sauti kutoka valvu ya mbele. Chomoa 6P14 ya upande huo, pima DC pini ya 2 ya soketi. Inatakiwa sifuri au karibu na hapo. Ukikuta volti moja au zaidi, hiyo kapasita inavuja, weka filamu ya 630V.

Hatua ya 6: kukwaruza na kupotea

Sasa ule upande wa kulia. Ampu ikiwaka chukua kijiti cha mshikaki kikavu, gonga taratibu kila soketi na kila kifaa. Nilipogusa soketi ya kulia, kraa, sauti ikarudi. Soketi zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, valvu inachemka inapoa kila siku, risasi ya kulehemu inachoka. Ukitazama kwa lenzi unaona kamzingo kembamba kamezunguka mguu, kama ufa kwenye sahani. Zima, nyonya chaji, nyonya na risasi ya zamani yote, lehemu upya. Usikae na pasi muda mrefu, hizi bodi njia ya shaba inabanduka kama ganda la kitunguu, ikibanduka pitisha kawaya. Miguu yote tisa, soketi zote tatu, sio ule mmoja uliouona.

Kapasita kubwa nikaweka za 450V zinazovumilia digrii 105, nikazisogeza mbali kidogo na soketi. Kariakoo zipo, ukikosa toa kwenye bodi ya umeme ya tivii bapa iliyokufa, ila pima kwanza.

Mvumo kwa kifupi: ukiwa mzito wa chini angalia ethi na filamenti, hapo resista mbili za 100 omu, moja kila upande wa filamenti kwenda chasisi, zinasaidia sana kama kiwandani hawakuweka kitu. Ukiwa mkali kama nyuki ni kapasita kubwa zimekauka. Ukiisha pale unapochomoa waya wa simu, ampu haina kosa.

Na valvu je? Kama kweli imekufa, soma namba. 6P1 inaingia kwenye soketi ya 6P14 lakini pini zake ni tofauti kabisa, na 6N2 huwezi kubadilishana na 12AX7 hivihivi, filamenti zake hazijafungwa sawa hata kama muuzaji anakuapia.

Kabla ya kumpa mtu ampu yake naiacha iwake masaa mawili ikiwa na mzigo, napima tena, alafu naandika kwa maka peni ndani ya kava: tarehe, volti iliyoingia, filamenti, kathodi kushoto na kulia. Atakayefungua baadae, awe mimi au fundi mwingine, asianze kubahatisha. Nilimwambia kijana asiifungie kwenye kabati la tivii na asiweke kitambaa cha kufuma juu, akacheka, akasema kitambaa ni cha mama. Zile 6P14 mpya alizokuja nazo nikamrudishia kwenye kaboksi lake, ampu inapiga na zile za zamani.