SOMO: Kuseti darubini ya kutazamia ndege kama macho yako yana kasoro

Wadau, swali la "mbona naona weusi pembeni" limejibiwa mara nyingi mno. Naliandika hapa, halafu nisiulizwe tena. Nazungumzia 8x42: inakuza mara 8, lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 42. Ya 12x iacheni dukani. Inakuza na mtetemo wa mikono.

1. Soma karatasi yako ya vipimo vya macho. Safu ya CYL (astigmatizimu, jicho lisilo na mviringo sawa) ikiwa na namba kubwa, 1 na kuendelea, baki na miwani, maana kasoro hiyo darubini haiirekebishi hata uizungushe hadi Magharibi. Kama ni SPH tu (kutoona mbali au karibu), unaweza kuvua. Miwani ya kusomea, vua.

2. Mipira ya darubini inayozunguka lenzi za kuchungulia: mwenye miwani aishushe yote, asiye nayo aipandishe. Weusi wa pembeni unatoka hapa.

3. Kunja darubini katikati mpaka uone duara moja.

4. Ringi ya diopta (inayosawazisha tofauti ya macho mawili), kwa kawaida iko jicho la kulia. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Chagua kitu chenye maandishi, mita 30 hivi, mfano namba ya gari lililoegeshwa. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, macho yote yakiwa wazi. USIFUMBE jicho: ukifumba moja, la pili nalo linajikunja na vipimo vinadanganya. Fanya picha ya kushoto iwe kali kwa gurudumu la katikati. Sasa ziba kushoto, na gurudumu usiliguse tena. Peleka ringi mwisho wa alama ya +, kisha irudishe polepole kuelekea –. Maandishi yakikaa sawa mara ya kwanza, simama hapo hapo. Ukipitiliza bado utaona vizuri, kwa sababu jicho linajikaza kufidia, ila baada ya nusu saa kichwa kitagonga. Tia alama kwa rangi ya kucha. Ringi huhama ndani ya begi.

5. Kuanzia hapo ni gurudumu la katikati tu.

6. Mkazie ndege macho, pandisha darubini usoni. Usiinamie kuitafuta.

MASWALI

Mdau wa Njiro: Mkuu, kwa kifupi nivue miwani au nisivue?
— Hatua ya 1.

Mdau wa Njiro: Sina muda wa kusoma yote.
— Basi hata hondohondo wa Duluti hutakuwa na muda naye.

Binti Kiboriloni: Shikamoo mwalimu. Baba anavaa miwani ya lenzi mbili, juu ya mbali, chini ya kusomea. Anasema ndege wa mitini wote ni ukungu.
— Marahaba mwanangu. Swali zuri. Akitazama juu anainua macho peke yake au anarudisha kichwa chote? Akiinua kidevu na darubini ikakaa chini kidogo, anachungulia kwenye sehemu ya kusomea. Arudi nyuma hatua kumi ili mti usiwe juu sana, na darubini aibane kwenye nusu ya juu ya miwani. Mkinunua nyingine, ulizeni umbali wa jicho ("eye relief", jicho linaweza kukaa mbali kiasi gani na lenzi ya kuchungulia na bado lione duara lote): chini ya milimita 15 mwenye miwani haoni duara lote.

Mzee wa Usa: Yangu inaonyesha ndege chozi wawili, yupo mmoja.
— Ilidondoka? Prizimu (vioo vya ndani vinavyopinda mwanga) zimehama. Ringi haitibu hilo. Pumzisha macho, mpelekee fundi wa kamera.

Mama Tengeru: Na vumbi? Mimi nafutia khanga.
— Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, halafu brashi laini, kitambaa mwisho. Chembe ya mchanga chini ya khanga inachora lenzi. Miwani nayo vivyo hivyo.